Mwana Hiti: Kazi Bora za Uluguru Zinazoishi Ugenini

Hana mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni kigogo kifupi cha mviringo kilicholainishwa hadi kikang'aa, na juu yake kimekaa kichwa chenye mashungi mawili ya nywele yaliyotenganishwa na mfereji. Matiti mawili madogo, kitovu, basi. Mara nyingi anaenea kwenye kiganja cha mkono. Anaitwa mwana hiti, na huenda ndiye mwakilishi wa milima ya Uluguru aliyesafiri mbali kuliko wote: yumo katika makabati ya vioo ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ana vitabu vilivyoandikwa juu yake, na wafanyabiashara wa sanaa humnunua kwa fedha nyingi. Lakini kijana aliyezaliwa Kihonda au Mafiga, akauona mlima wa Lupanga kila asubuhi akienda shule, anaweza kufika utu uzima bila kumwona hata mara moja.

Mwana hiti si wa Waluguru peke yao. Ni urithi wa jamii kadhaa za jirani zinazoenea kutoka milima ya Ukaguru na Uluguru hadi pwani: Wakaguru, Wakutu, Wakwere, Wadoe, Wazaramo. Matamshi ya jina hubadilika kidogo toka kilima hadi kilima, na baadhi ya watafiti hulihusisha na neno kiti. Kinachoziunganisha jamii hizo zaidi ya sanamu yenyewe ni desturi ya kuhesabu uzao kwa upande wa mama.

Kwa Waluguru jambo hili limo hata ndani ya maneno. Ukoo mkubwa huitwa lukolo, na tawi la ukoo huitwa tombo, yaani titi. Watu wa tombo moja ni watu walionyonya kwa bibi mmoja, na ardhi ya mlimani ilirithiwa kwa kufuata mstari huo. Ukitoka Morogoro mjini ukazunguka milima kwa upande wa mashariki utafika Matombo, mahali panaposemekana kupata jina lake kutokana na majabali mawili yaliyochomoza mlimani kama kifua cha mwanamke. Ukiyatazama majabali hayo, kisha ukamtazama mwana hiti, huhitaji mtu wa kukueleza kwa nini fundi aliacha mikono, akaacha miguu, lakini matiti hakuyaacha.

Mtoto wa kulelewa

Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani. Aliitwa mwali, na zamani kukaa ndani kulichukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho kungwi alimfunda mambo ya utu uzima, na katika mafunzo hayo mwali alikabidhiwa mwana hiti. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele, akamvisha shanga. Alimshika kama mtu anavyoshika mtoto mchanga, maana uzembe wowote kwake ulihesabiwa kuwa uzembe kwa watoto watakaokuja. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo na kuchapisha utafiti wake mwaka 1970, alieleza kwa kirefu jinsi sanamu hiyo ilivyofungamana na uzazi na mwendelezo wa ukoo.

Si kila mwana hiti alichongwa na fundi stadi. Wapo waliotengenezwa kwa kibuyu kidogo au kwa gunzi la mahindi, na kazi yao ilikuwa ile ile. Waliochongwa kwa mti mgumu, mpingo ukiwa mmojawapo, walihifadhiwa na kutumiwa tena na tena. Ule mng'ao unaowavutia watazamaji wa makumbusho haukuletwa na msasa. Umeletwa na mikono ya wasichana, kizazi baada ya kizazi, pamoja na mafuta na jasho.

Umbo hilo halikubaki chumbani mwa mwali. Mafundi walilichonga kwenye vichwa vya fimbo za wakubwa, kwenye vizibo vya vibuyu vya dawa, kwenye mazeze, na kwenye migongo ya vigoda vya heshima, ambapo mwenye kukaa alibebwa, kwa namna ya kusema, na mama wa ukoo. Kwa Wazaramo lilisimama hata juu ya nguzo za makaburi. Mtu aliyezaliwa katika ukanda huu alikutana na kichwa hicho chenye mashungi mawili tangu anapofundwa hadi anapozikwa.

Tazama pia ustadi wenyewe. Fundi alikuwa na nafasi ndogo kuliko urefu wa kalamu. Kwa kupunguza uso hadi ukabaki dalili tu, kwa kuvimbisha kidogo hapa na kubonyeza kidogo pale, alipata kitu ambacho ukikitazama kwa mbele ni mtoto, ukikitazama kwa ubavu ni mwanamke mzima, na ukikigeuza ni shina la mti. Wachongaji wa Ulaya wa karne ya 20 walisifiwa sana kwa kugundua kwamba sanamu inaweza kusema mengi kwa kuondoa mengi. Mafundi wa Uluguru walikuwa wakifanya hivyo kwa ajili ya binti zao.

Milango ya Simbamwene

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipita Morogoro akimtafuta Livingstone. Mji alioukuta chini ya milima ulikuwa ngome iliyojengwa na Kisabengo na kurithiwa na binti yake, Simbamwene. Stanley hakuwa mtu mwepesi wa kusifu alichokiona Afrika, lakini ngome ile ilimsimamisha. Aliandika habari za kuta za mawe, minara ya pembeni, na milango ya mti mgumu iliyojaa nakshi nyembamba mno za mtindo wa Kiarabu, akadhani kwamba ilitengenezwa pwani. Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya reli, Morogoro ilikuwa na mtawala mwanamke aliyeingia nyumbani kwake kupitia mlango wa nakshi. Mji huu wanaouita mji kasoro bahari haukukosa sanaa.

Baadaye Stanley alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika Kongo, na leo karatasi zake zimehifadhiwa Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika nje kidogo ya Brussels. Makumbusho hayo yalitokana na maonyesho ya kikoloni ya mwaka 1897, na jengo lake kuu lilifunguliwa mwaka 1910. Tervuren iko katika eneo la Flanders, nchi ya Jan van Eyck, Pieter Bruegel na Peter Paul Rubens. Nyaraka za mtu aliyeielezea Morogoro ya 1871 zinakaa safari fupi ya tramu kutoka kwenye mojawapo ya hazina kubwa za uchoraji duniani.

Hazina hiyo ni Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa ya Brussels, yaliyoanzishwa mwaka 1801 chini ya utawala wa Napoleon. Humo zimo picha za Flanders za tangu karne ya 15, pamoja na kazi nyingi za Rubens. Mojawapo ni picha isiyo kubwa, ya miaka ya 1610 hivi, ambamo Rubens alichora kichwa cha mtu mweusi mara nne: akitazama mbele, akiinama, akitabasamu, akigeuka. Kwa muda Wabelgiji waliiweka picha hiyo kwenye noti yao ya faranga 500. Jina la mchoraji linajulikana na kila mtoto wa shule pale. Jina la mtu aliyekaa mbele yake halikuandikwa.

Lebo za mwana hiti nazo zina pengo. Kwa kawaida husomeka hivi: kabila, nchi, mti, karne ya 19 au 20. Mahali pa jina la fundi pamebaki wazi, na hata kabila mara nyingi ni la kukisia, kwa kuwa sanamu ya Mkwere na ya Mluguru zinafanana na aliyeichukua hakuuliza. Ni ajabu kwa mkoa unaojua kutunza majina ya wasanii wake. Taja Mbaraka Mwinshehe au Salum Abdallah kwenye kijiwe chochote cha Morogoro, utapewa nyimbo, bendi na mtaa. Wachongaji walikuwa mabingwa vile vile, ila hawakuwahi kuingia studio ya redio.

Jinsi walivyoondoka

Wajerumani walipoitwaa nchi, vitu vilianza kuteremka milimani kwa njia nyingi. Wapo maofisa waliotwaa, wamisionari waliokusanya vitu vya mila walizotaka ziachwe, wafanyabiashara walionunua kwa bei ndogo, na wenyeji waliouza kwa sababu kodi ilitaka kulipwa. Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliamua kwamba vitu vilivyokusanywa katika makoloni na misafara iliyogharimiwa na serikali vipelekwe kwanza Berlin, na vile vilivyoonekana kuwa vya ziada vigawiwe miji mingine. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, mzigo uliokuwa ukibebwa kichwani kwa siku nyingi ukawa wa safari ya siku moja hadi bandarini.

Wimbi la pili lilikuja baada ya uhuru, nalo lilikuwa la biashara. Kwa miaka mingi wajuzi wa Ulaya walidai kwamba Afrika Mashariki haina sanaa ya uchongaji ya kulinganishwa na ya Kongo au Afrika Magharibi. Kisha macho yakafunguka. Mwaka 1990 Marc Felix, mfanyabiashara na mtafiti wa sanaa wa Brussels, alichapisha kitabu kizima kuhusu mwana hiti na jamii zenye kufuata ukoo wa mama. Mwaka 1994 Berlin na Munich ziliandaa maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania, na kitabu chake kilikuwa na maandishi ya Kijerumani na Kiswahili. Mwaka 2013 yakafuata maonyesho ya New York yaliyopewa jina la Kiswahili, Shangaa. Sifa hizo zilistahili. Pamoja nazo ilipanda bei, na bei ikiwafikia walanguzi, masanduku ya bibi vijijini hayabaki salama.

Ndani ya kabati la kioo mwana hiti hubadilika. Hapakwi mafuta tena. Hashikwi. Anamulikwa taa na kutazamwa na watu wasiojua kwamba aliwahi kuogeshwa.

Hapo ndipo picha za Flanders zinapofundisha jambo ambalo si wengi hulifikiria. Nazo hazikuchorwa kwa ajili ya makumbusho. Mfano mkubwa ni Mwanakondoo wa Mungu, kazi ya ndugu wawili Hubert na Jan van Eyck iliyokamilika mwaka 1432 kwa ajili ya kanisa moja la Ghent. Ni mbao nyingi zilizounganishwa kwa bawaba ili zifunguke na kufungwa kama milango ya kabati. Siku za kawaida zilifungwa. Siku za sikukuu zilifunguliwa, na waumini wakaona rangi zikiwaka. Van Eyck alipaka rangi za mafuta kwa tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine, hata mwanga ukaonekana kutoka ndani ya vito na nyasi. Lakini watu wa Ghent hawakwenda pale kupima ufundi wa tabaka. Walikwenda kusali. Mwana hiti na Mwanakondoo wa Ghent wanafanana kwa hilo: kila mmoja alikuwa na kazi, siku zake na watu wake.

Wanafanana pia kwa kutangatanga. Mwaka 1794 askari wa Ufaransa waliupeleka Paris ule mwili wa kati wa kazi hiyo, ukarudi mwaka 1815 baada ya Napoleon kushindwa. Mwaka uliofuata kiongozi wa kanisa aliuza mbao sita za pembeni kwa mfanyabiashara. Zikafika kwa Mwingereza aitwaye Edward Solly, naye akamuuzia mfalme wa Prussia mwaka 1821. Zikawa mali ya makumbusho ya Berlin. Mbao za Adamu na Eva zilihamia kwenye makumbusho ya Brussels mwaka 1861. Kwa karibu karne nzima kazi moja iligawanyika kati ya miji tofauti, na kila mji ulikuwa na hati zake halali.

Vifungu viwili jirani

Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles uliwekwa sahihi. Kifungu chake cha 247 kiliitaka Ujerumani iipe Ubelgiji mbao za Van Eyck zilizokuwa Berlin, pamoja na mbao za Karamu ya Mwisho zilizochorwa na Dieric Bouts kwa ajili ya kanisa la Leuven. Zingatia kwamba mbao za Ghent hazikuibwa, zilinunuliwa. Hata hivyo mataifa yaliona kuwa mahali pake ni Ghent.

Kifungu kinachotangulia, cha 246, kinaihusu nchi yetu. Kiliitaka Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Mkwawa lililotolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mkwawa wa Uhehe, ambaye askari wake walikimaliza kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo mwaka 1891 na mwaka uliofuata wakaishambulia ngome ya Wajerumani katika Kilosa, alijiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa.

Mbao za Ghent zilirudi mwaka 1920. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga, Uhehe, mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining wa Tanganyika kwenda mwenyewe kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen. Vifungu viwili vilivyoandikwa jirani, siku moja, kwa wino mmoja, vilitofautiana miaka 34 katika utekelezaji.

Fuvu la babu si sanamu, na hakuna anayepaswa kuviweka kwenye mizani moja. Lakini vifungu hivyo vinaonyesha kwamba tangu mwaka 1919 sheria ya kimataifa ilishakubali kuwa kitu kinaweza kuwa na kwao, na kwamba kwao huko kunaweza kupita hati ya mauzo. Wabelgiji walisikilizwa upesi huenda pia kwa sababu walikuwa wamejiandaa: walijua mbao ni ngapi, ziko ukumbi gani, zilitoka kanisa lipi na zingerudi altare ipi. Orodha yao ilikuwa tayari.

Upande wetu orodha ndiyo kwanza inaandikwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa mauaji ya wakati wa vita vya Majimaji. Mwaka 2024 maonyesho kuhusu historia ya Tanzania yalifunguliwa kwenye jumba la Humboldt Forum, Berlin, yakiwa yameandaliwa pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitu vilivyolala ghalani miaka mingi, vingine vikiwa vimechukuliwa na Wasovieti baada ya Vita Kuu ya Pili na kurudishwa Berlin miaka mingi baadaye, vimeanza kuulizwa maswali na Watanzania wenyewe: ulitoka kijiji gani, nani alikuchukua, ulikuwa unafanya kazi gani.

Kwa maswali kama hayo Morogoro ina majibu ambayo Berlin haina. Bado wapo bibi wa Kinole, Mgeta, Kiroka na Matombo wanaojua mwali alifundwaje, mwana hiti alipakwa mafuta gani, na alirudishwa kwa nani mtoto wa kweli alipozaliwa. Unyago umefupishwa na shule, na sehemu nyingi dini zimebadilisha taratibu zake. Mengine ni siri za wanawake, na siri hizo ziheshimiwe. Lakini majina ya mafundi, aina za miti, maana za mashungi, na koo zilizokuwa na vigoda vya heshima si siri. Ni elimu inayoondoka kila msiba unapopita.

Makumbusho ya Taifa yana vituo Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Morogoro, mkoa wenye mojawapo ya mila kongwe za uchongaji nchini, haina. Iringa jirani ililigeuza boma la Wajerumani kuwa makumbusho ya mkoa, na wanafunzi huingia humo kujifunza habari za kwao. Kwa Morogoro kuanza hakuhitaji jumba kama la Brussels. Kunahitaji chumba kikavu kisicho na mchwa, daftari la kusajili, mtu wa kuuliza na kuandika, na makubaliano na koo kwamba kitu kitakachowekwa pale kitaweza kutoka siku ya shughuli na kurudi. Makubaliano ya namna hiyo yangempa mwana hiti heshima ambayo hajapewa na kabati lolote la Ulaya: kutazamwa na wageni wiki hii, na wiki ijayo kupakatwa.

Ghent nako pengo bado lipo. Usiku mmoja wa Aprili 1934, ubao mmoja wa Van Eyck uliibwa kanisani na haujaonekana hadi leo. Watu wa Ghent hawakuziba nafasi kwa ubao mwingine wa kawaida. Walichorewa nakala, wakaipachika mahali pa ule ulioibwa, na anayeingia huambiwa ipi ni nakala na ya asili inatafutwa. Chumba cha Morogoro kingeweza kuanza na kabati la namna hiyo: picha ya mwana hiti aliye Berlin au Brussels, na chini yake lebo iliyosemwa kwa Kiluguru na bibi wa Matombo, ikiandikwa na mjukuu wake wa tombo ile ile.